Mkufu Uliotoka Shingoni

Mkufu wenyewe ulizaliwa kijijini Nainokanoka, mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wengi na Nashilu alikuwa ananyonyesha. Ulimi wa shanga unaoning'inia kifuani aliushusha upande wa kushoto badala ya katikati, ili mtoto aliyempakata upande wa kulia asiuvute. Wanawake wa boma walimcheka. Kisha wifi yake Nareyu, dada wa mumewe, akashona wa kwake vilevile, na wengine wakafuata.

Mume alipofariki, kaka zake waligawana mifugo. Nashilu akateremka Karatu na watoto, akapanga chumba kijijini Qurus, akaanza kuuza mikufu hiyo katika duka la loji moja. Msimamizi wa duka alikuwa Blandina, mwanamke wa Kilimanjaro, mkali wa maneno, si wa moyo. Mikufu ndiyo iliyowalisha watoto.

Ndipo akaja Kirsten, mgeni mbunifu wa mapambo. Aliketi na Nashilu mwezi mzima akijifunza kushona. Siku ya kuaga aliusifu mkufu uliokuwa shingoni mwa Nashilu hadi machozi yakamlenga. Kwao Nashilu, mgeni akikipenda kitu chako namna hiyo, unakivua. Akavua. Kirsten naye akampa kidani chake. Tangu hapo wakaitana Pasaen, jina la waliopeana shanga. Watu wa jina hilo ni ndugu, hawashitakiani.

Mwaka uliofuata, Blandina alimrudishia mikufu yote.

"Siwezi kuipokea, mama. Umbo hili lina mwenyewe sasa. Yule Pasaen wako amelisajili, na wenye loji wameonywa."

"Mwenyewe ni mimi."

"Najua. Tukijua mimi na wewe, nani anatusikia? Nishonee vya kuning'inizia funguo. Simba, twiga, wageni wanavipenda."

"Simba simjui kwa shanga. Namjua kwa kula ndama."

Blandina alicheka, lakini mikufu hakuipokea.

Wiki hiyo palikuwa na semina ya wajasiriamali mjini. Afisa mmoja wa biashara, Elisaria, alionyesha ukutani nguzo za buluu, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Alisema hizo ni hesabu za maumbo ya bidhaa ambayo wageni wamepewa haki zake nchini. Mgeni hajisumbui kulinda kitu chake mahali asipoona soko, kwa hiyo nguzo zikipanda, ni dalili uchumi nao unapanda. Watu wakapiga makofi. Nashilu akasimama.

"Baba, mkufu wangu umo kwenye nguzo ipi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Elisaria hakucheka. Semina ilipokwisha alimwita pembeni, akamsikiliza.

"Umbo linalosajiliwa lazima liwe jipya," alimweleza. "Mkufu wako wa zamani uko wapi?"

"Nilimvisha yeye."

"Basi niletee mtu aliyevaa mkufu wa namna hiyo kabla ya huyo mgeni. Tutaweka pingamizi."

Nashilu akapanda gari hadi Nainokanoka kwa Nareyu. Wifi yake alimsikiliza huku akikoroga uji, bila kumtazama.

"Uliuvua kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Mkaitana Pasaen?"

"Tukaitana. Yeye ndiye aliyelivunja jina."

"Yeye hajui uzito wake. Mgeni akimwaga maziwa tunasema hajui. Wewe ukiyamwaga tusemeje?"

"Semeni watoto wangu wana njaa. Kaka zako walipogawana ng'ombe, uzito wa undugu ulipimwa na nani?"

Nareyu akaacha kukoroga.

"Nitakuja, kwa sababu kweli niliuvaa. Lakini ukimshitaki Pasaen wako, mimi usiniite wifi tena. Wala hapa hapatakuwa na atakayepokea shanga kutoka mkononi mwako. Binti yako akiolewa, utampamba peke yako."

Uji ulianza kuungua, Nashilu akauepua. Alimwaza Kirsten, ambaye huenda muda huo alikuwa anakula vizuri na kulala vizuri, hana wifi wa kupoteza.

"Chukua shuka lako," alisema. "Gari halisubiri."

Asubuhi iliyofuata Elisaria aliwapokea. Nareyu, mkufu wake uliopauka ukiwa shingoni, alieleza yote bila kupunguza neno. Elisaria akaandika, kisha akauliza kama wawili hao wana undugu.

Nareyu alimtazama Nashilu kwa mara ya kwanza tangu wapande gari.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa jirani yake."