Maganda ya Risasi ya Kambi Muru

Enzi zetu, enyi wenzangu wa Kibera mnaojifanya mmesahau, hatukuwalilia wazazi watununulie vitu vya kuchezea. Uchaguzi ulipoharibika mwisho wa mwaka wa 2007, vilimwagwa barabarani bure kabisa. Shule hazikufunguliwa, reli iling'olewa, unga ukawa hadithi, lakini maganda ya risasi, hayo tulijaliwa. Watoto wa siku hizi simu ikizima chaji nusu saa wanataka kupelekwa kwa mshauri. Sisi tulikuwa na moshi wa vitoa machozi, na ulitutoa machozi sote bila kuuliza mtu anatoka wapi.

Tuliishi Kambi Muru, humo humo Kibera, mimi na baba. Mama alikuwa ameenda Kawangware kumtembelea dada yake Krismasi, barabara zikafungwa, akakwama huko. Baba alikuwa fundi wa shaba kutoka Machakos: aliyeyusha kufuli kuukuu na mifereji mibovu, akatengeneza bangili na kengele ndogo. Mali ghafi ilipokosa kufika, alitazama nilichokuwa nikichezea, nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kura zihesabiwe.

Siku za kwanza kila ganda alilolipinda lilipasuka mdomoni. Baba hakuilaani serikali wala upinzani, ingawa ndiyo iliyokuwa kazi ya kila mtu wakati ule. Alijaribu tena. Akajifunza kulipasha moto kwenye makaa mpaka rangi ibadilike kidogo tu, alitumbukize majini, ndipo alikunje. Likawa laini kama chapati. Lenye ufa karibu na kitako alilitupa. Na kabla ya moto, kila ganda alilikagua.

"Ganda tupu ni shaba," alituambia. "Lenye kichwa bado ni risasi. Hilo msiguse. Niiteni."

Alikuwa akiniambia mimi na Akinyi, rafiki yangu wa Lindi, mtaa wa jirani hapo hapo Kibera, ambaye watu wake walitoka upande wa Ziwa, magharibi mwa nchi. Tulishindana kujaza makopo, na Akinyi alinishinda kila siku kwa sababu yeye alikuwa na macho, mimi nilikuwa na mdomo. Asubuhi moja niliokota moja matopeni, zito kuliko mengine yote. Nikaona kichwa kimechomoza, nikajua. Lakini baba alipima makopo kwa mkono, na ushindi ni ushindi. Hata wakubwa wa nchi walikuwa wakitufundisha hivyo. Nikalificha chini kabisa ya kopo.

Siku hiyo baba alikuwa na njaa na haraka. Alichukua kopo langu, akaliinamisha juu ya jiko bila kuangalia ndani.

"Baba Mwende, ngoja," Akinyi akasema. "Ya chini iko na kichwa. Nilimwona akiiweka."

Baba aliyamwaga maganda mbali na moto, akayatenganisha kwa kidole. Lile zito lilipojitokeza alilisogeza kando. Akaketi chini, mbali na jiko. Nami, badala ya kushukuru kwamba bado niko hai, nikamgeukia Akinyi.

"Msaliti. Rudini kwenu Ziwani, mtuachie Nairobi yetu."

Maneno hayo sikuyatunga. Yalikuwa yakigawanywa kila kona, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari. Akinyi akachukua kopo lake, akaenda.

Baba hakunipiga. Alilitupa lile moja kwenye choo cha shimo, maana kuipelekea polisi risasi wiki ile kungemletea ukarimu asiouhitaji. Kisha akanishika mkono mpaka Lindi, mlangoni kwa Mama Akinyi, aliyekuwa akikoroga uji.

"Mwambie ulichomwambia mtoto wake," akasema. "Vile vile ulivyokisema."

Nilikisema. Neno kwa neno, mbele ya mwanamke aliyenilisha mara ngapi sijui. Mama Akinyi aliepua sufuria ya uji.

"Kwetu ni hapa, mlango huu unaouona," akasema. "Sasa ingia ukunywe uji. Akinyi, msongee."

Akinyi alisonga, kidogo sana. "Ningekuwa kama wewe, ningenyamaza kopo liingie motoni," akaniambia, bila kunitazama. Nilikunywa uji ule nikilia.

Barabara zilipofunguka, mama alikuja tukahamia Kawangware. Nilipopata nafasi ya kurudi Lindi, chumba chao kilikuwa na wapangaji wengine. Hakuna aliyejua walikoenda. Nimemtafuta Akinyi tangu hapo.

Vijana wa mtaani kwangu sasa wamestaarabika. Wakikosana, wanafutana kwenye simu kwa kidole kimoja, hakuna anayeburutwa mpaka mlangoni kwa mtu kurudia upuzi wake. Na kila uchaguzi ukikaribia nayasikia yale maneno yangu kwenye simu zao, yamewekewa muziki.

Juzi binti yangu, mwenye miaka minane, aliniuliza tulikuwa tukicheza nini tulipokuwa wadogo.

Nikamwambia tuliruka kamba.