Tundu la Bafuni

Mara ya tatu nilipokuta lile tambara liko chini, nilijua kuna mtu analichomoa.

Upepo hauwezi kuchomoa tambara lililoshindiliwa kwa mpini wa ufagio.

Nilisimama nyuma ya nyumba nikalitazama lile tundu la bafuni. Ukubwa wa sahani, usawa wa kiuno changu, linatazamana na kichochoro wanachopita watu. Nikasema kimoyomoyo: Ee Mungu, nionyeshe anayeichezea heshima ya nyumba hii.

Tuanzie nyuma kidogo, ndugu zangu, ili mnielewe. Mengine hata kuyaandika naona haya.

Mimi ni mjane, huu mwaka wa tisa. Shule niliishia darasa la saba. Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, dereva wa malori ya masafa. Akiondoka ni miezi. Nyumbani tunabaki mimi, mke wake, na binti yao wa miaka minne. Mtoto tunamwita Kinanda, maana hafungi mdomo. Bafuni ndiyo usiseme, anaimba mpaka sabuni inaisha.

"Mama, nakuachia watu wangu," mwanangu aliniambia alipoondoka mara ya mwisho.

Neno kama hilo mimi silichukulii juu juu.

Basi akatuma hita ya maji. Siyo ile ya pipa. Hii ni kisanduku chembamba cha ukutani, kinatumia gesi. Ukifungua bomba kinalia tak-tak-tak, moto unawaka, maji ya moto yanakuja hapo hapo. Ukifunga, moto unazimika. Siku ya kwanza nilikiombea kwanza, ndipo nikaoga.

Aliyekuja kukifunga ni fundi bomba wa mtaani kwetu. Mtu mzima, msafi, sauti ya chini.

Mwanaume mwenye sauti ya chini huwa namtazama mara mbili.

Alitoboa ukuta sehemu mbili. Juu akapitisha bomba la bati la kutolea moshi. Chini akaacha tundu wazi, kwa ndani akalifunika na wavu wa plastiki.

"Na hili la nini?" nikamuuliza.

"La hewa, mama. Moto huu unakula hewa. Hapa pasizibwe hata siku moja."

"Wewe ni fundi wa maji au wa hewa?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jamani, mwanaume anatoboa bafu wanamooga wanawake, halafu anasisitiza tundu lisizibwe! Ningekuwa mjinga kiasi gani?

Wiki iliyofuata nikamkuta amechuchumaa kichochoroni, kiganja kwenye tundu.

"Umepoteza nini hapo?"

"Naangalia kama hewa inapita, mama."

"Inapita. Na wewe pita."

Jioni ile ile nikaliziba na tambara.

Kesho yake mkwe wangu akatoka kuoga ameshika ukuta. Akakaa ngazini, akatapika. Kichwa kinamgonga, anasema.

Mimi nikahesabu vidole. Mume ana miezi mitano hajakanyaga hapa.

Nikakaa chonjo.

Mchana akanijia kwa adabu zake, mikono nyuma. "Mama, lile tambara... fundi alisema pasizibwe."

"Fundi alisema. Na mumeo amesema nini?"

Akainamisha kichwa. Hakurudia tena.

Ila tambara likaanza kuanguka. Naliziba, naamka nalikuta chini. Naliziba tena, chini tena.

Baada ya ile mara ya tatu nikajificha nyuma ya pipa la maji, tangu alfajiri, na rozari yangu mkononi. Nilimngoja fundi.

Akaja mkwe wangu.

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachomoa tambara, akaliacha chini kama limeanguka lenyewe, akaondoka kwa kunyata.

Kumbe anamfungulia!

Mchana huo huo nikawaona kwenye kona ya duka, yeye na fundi, wananong'ona. Waliponiona wakaachana kama watu waliomwagiwa maji.

Nikampigia mwanangu. "Rudi nyumbani. Mkeo ana mtu. Na nadhani ana mimba."

Akasema, "Nakuja, mama. Nikifika sitaki maneno mengi. Afungashe."

Nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Asubuhi mkwe alipokwenda sokoni, nikaomba saruji kidogo kwa jirani anayejenga. Nikaikoroga kwenye sufuria mbovu, nikalisiliba lile tundu kwa nje na mikono yangu, nikalipiga laini. Ndani hakuna kilichobadilika, wavu uko pale pale. Nani atajua?

Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja kwa mdomo wangu.

Saa kumi jioni mkwe akamwingiza Kinanda bafuni kumwogesha, mlango akaufunga na komeo. Mimi nikaweka kigoda uani, mchi wa kinu pembeni. Nikasema leo ndiyo leo, huyo mwanaume akija atakuta ukuta na mimi.

Kweli akaja.

Alikuwa anapita na mabomba begani. Akatupa jicho ukutani, akasimama. Mabomba akayaachia yakalia chini, akakimbilia uani kwetu bila hodi.

"Mama! Nani yuko bafuni?"

Nikanyanyua mchi. "Umekuta dirisha lako limezibwa, sasa unataka mlango?"

"Nani yuko ndani?"

"Kanyaga hapo nikupasue!"

Hakubishana. Alizunguka, akafunga mtungi wa gesi uliokuwa nje, akarudi mbele yangu ametoa mikono.

"Nipige baadaye, mama. Sasa sikiliza tu. Sikiliza."

Nikasikiliza.

Maji yanatiririka.

Kinanda haimbi.

Nilimwita mjukuu wangu. Nikamwita mama yake. Maji tu ndiyo yaliyonijibu.

Sijui mchi niliutupa wapi. Fundi aliupiga mlango bega mara mbili, komeo likang'oka. Mkwe wangu alikuwa amelala sakafuni na povu la sabuni mwilini, mkono mmoja umemkumbatia mtoto.

Yule mwanaume niliyemwita mchungulia bafu alifumba macho, akageuza uso ukutani, akasema, "Mfunike, mama. Haraka."

Nikamfunika na khanga niliyokuwa nimejifunga. Fundi akambeba mtoto, mimi nikamshika mkwe miguuni, jirani aliyekimbilia kelele akamshika mabegani, tukawatoa uani kwenye hewa. Fundi akampulizia mtoto mdomoni. Mara moja. Mara mbili. Mara nyingine sikuhesabu, nilikuwa namwambia Mungu anichukue mimi.

Kinanda akakohoa. Halafu akalia.

Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama ule.

Hospitali waliwawekea oksijeni usiku kucha. Daktari akanieleza kwamba moto ukikosa hewa unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, analala, basi.

Anaumwa kichwa. Anatapika.

"Na mimba?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Mimba gani, mama? Hana mimba."

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, shati bado limelowa. Nikamfuata.

"Siku ile dukani, mlikuwa mnanong'ona nini?"

"Alikuwa ananiomba nije niongee na wewe. Alisema yeye akisema utaona anakuvunjia heshima. Tulikuwa tunatafuta namna ya kukwambia usiudhike."

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya hospitali.

Ndugu zangu, hao ndio wapenzi niliowafumania. Watu wawili wanapanga jinsi ya kuniambia ukweli mimi, kwa sababu wananiogopa.

Asubuhi mwanangu akafika, uso umevimba kwa hasira ya njia nzima. Hakuwa anajua lililotokea. Akaingia wodini, akamkuta mkewe na mrija puani, mtoto kifuani pake. Akaganda.

Mkwe wangu akatabasamu. "Umekuja! Nani alikwambia tunaumwa?"

Mwanangu akanitazama.

Ningeweza kunyamaza. Angenyamaza na yeye, namjua, asingemwaibisha mama yake. Mkwe angebaki na furaha yake kwamba mume amekuja kwa mapenzi. Nani angekufa?

Lakini nilikuwa nimeshaona kinachotokea kwenye nyumba ambayo watu hawaambiani.

"Mimi ndiye niliyemwita," nikasema. "Sikumwita kwa ugonjwa. Nilimwambia una mwanaume. Nilimwambia una mimba. Amekuja kukufukuza. Na lile tundu ni mimi niliyelisiliba saruji."

Tabasamu lilitoka usoni mwake polepole. Akamgeukia mume. "Na wewe uliamini?"

Mwanangu akatazama viatu vyake.

Mkwe akatugeuzia mgongo wote wawili, akamkumbatia mwanawe.

Siku nne hakusema na mimi zaidi ya salamu. Sikumlaumu. Nilipika, nilifua, nilisali, nilingoja. Mwanangu alibomoa ile saruji, fundi akaihamisha hita nje kabisa ya nyumba, kwenye ukuta wa uani.

Siku ya tano mkwe wangu alinikuta nachambua mchele, akakaa mbele yangu. Hakuweka mikono nyuma. Akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mama, siku nyingine ukinishuku, niulize."

"Nitakuuliza."

"Hata kama ni la aibu."

"Hata kama ni la aibu. Na wewe ukiniona nakosea, niambie."

"Hata ukinikasirikia?"

"Hapo ndipo uniambie kwa nguvu."

Akavuta sinia upande wake, tukachambua wote.

Nawaachia haya mawili. Mwenye hita ya gesi asizibe njia ya hewa, na kama inawezekana aifunge nje ya nyumba. Na wewe unayejisifu kuwa macho kama mimi, chunguza kwanza kama watu wako wanaweza kukwambia neno usilotaka kulisikia. Kama hawawezi, hatari ya nyumba hiyo ni wewe.