Alama ya Mwito ya Marehemu Eliakimu

Barua ilikuwa ya Bwana Eliakimu, lakini Bwana Eliakimu alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, upande wa migomba, tangu tarehe 20 Mei 1992. Aliyeifungua, miaka miwili kasoro siku chache baadaye, alikuwa binti yake Dorkas, fundi cherehani wa kijiji cha Vudee, milimani juu ya mji wa Same. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi, akaisoma tena.

Leseni zote za zamani za redio ya ridhaa zilikuwa zinakaguliwa na kuandikwa upya. Bwana Eliakimu alitakiwa afike yeye mwenyewe mjini Same, Jumanne tarehe 17 Mei 1994, saa nne asubuhi, katika chumba kilicho jirani na posta. Aje na mtambo wake, leseni na daftari la mawasiliano. Asipofika, alama yake ya mwito itafutwa.

Alama ya mwito ni jina la mtu hewani. Kila mwenye leseni ya kuzungumza na wenzake kwa redio, si kwa biashara bali kwa kupenda tu, hupewa herufi na tarakimu zake, na hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kuzitumia. Ya Eliakimu ilikuwa 5H3VU. Aliipata mwaka 1973, alipokuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge bondeni. Mhandisi mgeni aliyemfundisha aliporudi kwao alimwachia mtambo wa zamani, naye akafanya mtihani na kufaulu. Watu wa Vudee walifurahi sana. Walisema serikali imeona kijiji chao, kwa maana VU si Vudee? Eliakimu hakuwasahihisha.

Dorkas alikua akiisikia alama hiyo kuliko jina la baba yake. Aliisikia ikigongwa kwa Morse, nukta na vistari, katika kibonyezo cha shaba kilichofungwa kwenye ubao. Mwaka 1983, miaka ya foleni za sukari, msako wa walanguzi ulipopita wilayani, watu walificha hata vipande vya sabuni. Eliakimu alikuwa na leseni halali, lakini aliuviringisha mtambo kwa gunia na kuuficha darini chini ya maharage. Dorkas, wakati huo msichana wa miaka ishirini na mitatu, ndiye aliyeshika ngazi. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kitu ambacho serikali inakuja kukitazama, inakuja kukichukua.

Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, Dorkas alimgongea kibonyezo, yeye akiketi kando na kumwambia la kusema. Kila Jumamosi saa kumi alasiri Eliakimu alizungumza na rafiki yake Gaston, mzee wa kisiwa cha Morisi. Walizungumza juu ya mvua, maharage, na maumivu ya magoti. Eliakimu alikufa siku ya Jumatano. Jumamosi iliyofuata, waombolezaji wakiwa bado uani, redio ikaita: 5H3VU, 5H3VU. Dorkas akaenda akajibu. Hakupanga. Alisema mvua imenyesha.

Jumamosi nyingine alijibu tena.

Agosti mwaka ule kaka yake Fredrick alipata mtoto wa kiume, naye akapewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya Wapare. Siku ya kumtoa mtoto nje wazee walisema, "Eliakimu amerudi." Ilipofika Desemba, fomu ya kuendeleza leseni ikaja kama ilivyokuja kila mwaka, na Dorkas akaitia sahihi: Eliakimu. Hakuona kwamba anadanganya. Jina lilikuwa limebaki nyumbani, na kwake alama ya mwito ilikuwa jina. Mwaka uliofuata alifanya vilevile.

Sasa jina hilo lilikuwa limeitwa mjini Same.

Alimpelekea barua baba yake mdogo, Erasmo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Uso wako wa msiba. Nani kafa?"

"Hakuna. Soma."

Erasmo alisoma polepole, akaikunja barua. "Kumbe kaka yangu anaitwa shaurini. Hata kaburini hawamwachi."

"Wakijua, wataifuta alama. Na mtambo watauchukua."

"Basi wasijue. Koti lake la bluu liko wapi?"

"La nini?"

"Wewe lete koti. Watu walikuwa wakinisimamisha sokoni wakidhani mimi ni yeye. Huyo afisa anatoka Dar es Salaam, atanijulia wapi?"

"Baba mdogo, hujui hata kuuwasha."

"Kwani nitaenda kuuwasha? Nitaenda kukaguliwa. Nitakaa kama mzee, nitakohoa, basi."

Dorkas hakulala vizuri siku zote zilizobaki. Lakini koti alilipiga pasi.

Jumanne alfajiri walishuka mlima kwa miguu, Erasmo akiwa amebeba betri ya gari iliyokuwa ikiendesha redio, Dorkas mtambo kichwani ndani ya sanduku la mbao. Njia inateremka ghafla, na kila jiwe lililoteleza chini ya mguu lilimfanya akaze shingo. Huko chini mji ulikuwa umebadilika tangu biashara ifunguliwe. Maduka yalijaa redio mpya za plastiki, viatu, sabuni za rangi kila aina. Hakuna aliyeficha kitu. Dorkas alipita katikati ya vitu vile akihisi kwamba ni yeye peke yake mjini mwenye magendo.

Chumbani kulikuwa na meza, simu na faili moja jembamba. Afisa aliitwa Chande, kijana mrefu mwenye miwani. Aliinuka.

"Shikamoo, mzee Eliakimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Poleni na safari. Na huyu?"

"Binti yangu. Ananibebea. Mimi magoti yamekwisha."

Chande alicheka, akawavutia viti. Aliukagua mtambo kwa heshima, akauliza ni nani aliyebadilisha valvu moja, taa ya kioo ya ndani. Dorkas akajibu haraka mno. Kisha afisa akafungua daftari la mawasiliano, ambamo kila mazungumzo huandikwa tarehe, saa na alama ya mwenzako. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kidole kikasimama.

"Mzee, hapa Mei tisini na mbili mwandiko umebadilika."

"Macho," alisema Erasmo, akakohoa. "Uzee, mwanangu."

"Umekuwa mzuri zaidi."

"Ndiyo. Nilinunua miwani."

"Miwani yenyewe iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani. Uzee."

Chande hakucheka safari hii. Alivuta kibonyezo cha shaba, akakiweka mbele ya Erasmo. "Basi, mzee wangu. Jambo la mwisho, kisha mkanywe chai. Nigongee alama yako ya mwito. Mara moja tu."

Erasmo alinyoosha mkono. Kidole chake kikawa juu ya kibonyezo, hakishuki. Nje gari la mizigo lilipita likitikisa dirisha, likaenda zake, na kidole kilikuwa palepale. Jasho lilitokeza kwenye kola ya koti la bluu. Dorkas alitazama kola ile, ambayo yeye mwenyewe aliigeuza na kuishona upya ilipochakaa shingoni mwa baba yake. Akaona mkono wa baba yake mdogo, mkono wa mtu mzima aliyeletwa kuaibishwa kwa ajili yake.

"Mwache," alisema. "Afisa, mwache. Huyu ni baba yangu mdogo. Baba yangu amekufa."

Erasmo alishusha mkono, akautia mfukoni mwa koti.

"Amekufa lini?" aliuliza Chande.

"Tarehe ishirini Mei, mwaka tisini na mbili."

"Na hizi kurasa?"

"Ni zangu. Zote."

"Na sahihi kwenye fomu?"

"Zangu."

Chande alivua miwani. "Mzee," alisema bila kumtazama Erasmo, "vua hilo koti, ukasubiri nje kabla sijakuuliza jina lako."

Erasmo alipotoka, afisa alifungua lile faili jembamba, akalizungusha ili Dorkas asome. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika na anayejizuia.

"Dada, mwenye alama akifariki, ndugu huandika barua moja. Moja tu. Sisi tunaandika kwenye rejista kwamba amefariki, na alama yake tunaiweka akiba miaka miwili. Hapewi mtu. Ndani ya miaka hiyo, mtoto wake akifanya mtihani na kufaulu, ana haki ya kuiomba kabla ya mtu yeyote. Miaka miwili ikipita ndipo inarudi kwenye orodha. Umenielewa?"

Dorkas alielewa. Alikuwa ameelewa kwenye neno akiba. Kwa miaka miwili alikuwa amekificha kitu ambacho kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake.

"Leo ni tarehe kumi na saba," alisema. "Bado siku tatu. Nipe mtihani."

"Umetangaza bila leseni."

"Najua. Nipe mtihani."

Chande akatoa bahasha kwenye mkoba. Maswali yalichukua saa moja na nusu. Dorkas aliyajua yote. Ulipofika wakati wa Morse, afisa alisoma maneno kutoka kwenye karatasi, naye akayagonga yote bila kosa, kwa kasi ambayo Chande alilazimika kumwambia, "Taratibu, dada, na mimi nisikie."

Baada ya hapo Chande alipiga simu Dar es Salaam. Alisema, "Ndiyo," mara nyingi. Alisema, "Binti yake." Alisema, "Amekiri mwenyewe, hakukamatwa." Akasikiliza kwa muda mrefu. Dorkas aliitazama simu kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Afisa akaweka mkonga wa simu chini.

"Umefaulu. Utapata leseni yako. Kwa yale mengine utaandikiwa onyo, si zaidi."

"Na VU?"

"Aliyeitumia alama bila haki hawezi kupewa alama hiyohiyo. Hata akiwa mtoto wa marehemu. Inarudi kwenye orodha Ijumaa."

"Lakini ile ni ya kijiji. VU ni Vudee."

"Dada, herufi hutolewa kwa zamu. Aliyemtangulia baba yako alipata VT. Ingekuwa VZ kama baba yako angechelewa kidogo." Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ulimuumiza Dorkas kuliko hasira. "Yako itakuwa 5H3WK. Ndiyo iliyo mbele kwenye zamu."

Kabla ya kuondoka Chande alizungusha waya mwembamba kwenye swichi ya kurushia mawimbi, akaupigia lakiri nyekundu. Kupokea angeweza. Kurusha, hapana, mpaka leseni ifike.

Walipopanda mlima, Erasmo alikuwa amekunja koti chini ya kwapa. "Ningekohoa vizuri zaidi," alisema baada ya mwendo mrefu, "labda ingepita." Dorkas alitaka kucheka, akashindwa.

Leseni haikufika haraka. Jumamosi ya kwanza, saa kumi, Gaston aliita. 5H3VU, 5H3VU. Dorkas alikaa mbele ya lakiri na mikono mapajani. Gaston aliita mara nane, akanyamaza. Jumamosi ya pili aliita mara kumi na mbili. Ya tatu aliuliza kama kuna mgonjwa. Uzi mwembamba wa chuma ulimzuia Dorkas. Mkasi wa kushonea ulikuwa umbali wa hatua mbili, juu ya cherehani. Jumamosi ya nne aliubeba mkasi akampelekea jirani yake Stumai akae nao hadi jioni. Ya tano Gaston hakuita jina. Aligonga tu alama yake mwenyewe, akasubiri, akaigonga tena.

Bahasha ilifika mwishoni mwa Juni, na ndani yake ruhusa ya kukata lakiri.

Jumamosi tarehe 2 Julai Dorkas aliketi saa tisa na nusu. Saa kumi ikafika. Hewani kulikuwa na mvumo mtupu. Saa kumi na dakika saba Gaston akaita, mara moja, kama mtu anayepita mlangoni bila matumaini: 5H3VU.

Dorkas hakujibu jina hilo. Alisubiri hadi alipomaliza kabisa, kisha akagonga alama ya Gaston, na baada yake akaweka yake: hapa ni 5H3WK.

Akagonga tena.

Gaston akauliza, wewe nani, na VU yuko wapi?

Alikuwa amelitunga jibu kwa wiki sita, kwa Kiingereza kizuri. Lote likapotea. Akagonga kwamba VU amekufa Mei 1992, kwamba yeye ni binti yake, jina lake Dorkas, na kwamba mvua zote alizomwambia tangu hapo zilikuwa za kweli.

Mvumo ukaendelea. Dorkas alihesabu hadi mia moja na arobaini. Aliamini kwamba mzee amezima redio, na kwamba alikuwa na haki ya kuzima.

Kisha nukta zikaanza kuja, polepole kuliko alivyowahi kumsikia. Gaston aliomba arudie alama yake mpya. Herufi moja moja, tafadhali. Alisema anaiandika kwa wino.

Dorkas alirudia mara mbili. Halafu akafungua daftari jipya, akaandika tarehe, saa, na kwenye nafasi ya jina la mwenye kituo, kwa mara ya kwanza, akaandika lake.