Mume Wetu Alikwenda Vitani Bila Kujua Amepata Mtoto

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili msije mkanitafutia sababu, mkasema labda nilikuwa msichana, labda ni mambo ya vita. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilijua ninachofanya. Majina nimeyageuza, maana kuna mmoja anayepaswa kulisikia jambo hili kutoka kinywani mwangu kabla hajalisikia kwa wapita njia.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Tulikuwa wake wawili. Mimi mkubwa nilikaa Koboko, na Letaru, mke mwenzangu, alikaa Awindiri, pale Arua mjini. Kila mmoja alikuwa na siku zake, na mume alizigawa kwa haki. Sikuwahi kumshika kosa kwa hilo, ingawa Mungu anajua nilitafuta!

Mwaka ule vita vilipopamba moto kusini, kikosi chake kule Moyo kilipewa likizo fupi, wakaage nyumbani kisha waende. Wengine wangepanda malori Arua na kuvuka daraja la Pakwach. Wengine wangerudi Moyo na kuvuka Nile kwa kivuko cha Laropi. Yeye alikuwa huru kuchagua, na alikuwa ameshachagua Arua, kwa sababu Letaru alikuwa na mimba kubwa.

Jamani, likizo gani ile! Mtu hakai. Anakula amesimama, sahani mkononi, macho barabarani. Lori likipita, anatoka nje. Akiona paa la ghala limelegea, anapanda kulifunga, na kabla hajamaliza ameshuka kutafuta kitu kingine. Watoto walimwogopa. Usiku nilimsikia akigeukageuka, na hata buti hakuvua.

Nami nikawa hivyo hivyo. Kila alilosema liliishia Awindiri.

"Mama Zubeda," ananiambia, "mimi nalala hapa siku moja tena, halafu natoka. Tumbo ya Letaru iko karibu."

Tumbo ya Letaru! Langu lilibeba watoto watatu na hakuna aliyeliharakia hivyo. Ndivyo nilivyowaza. Leo naona aibu, lakini siku ile nilijiona nina haki kabisa.

Kesho yake asubuhi alikwenda Lobule kuona kaburi la baba yake na shamba la muhogo. Hajafika mbali, nikaona baiskeli inakuja kwa njia ya Arua. Alikuwa mdogo wake Letaru, mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

"Mama mkubwa, salaam. Shemeji iko wapi? Letaru amezaa, mutoto mwanaume! Yeye nasema shemeji akuje aone mutoto, atoe jina, ndio aende na vita yake."

Jibu lilinitoka hata kabla sijalifikiri.

"Pole, shemeji, umechelewa. Yeye alikwenda jana na njia ya Moyo. Sasa iko juu ya maji."

 Nikampa maji, akayanywa hajaketi. Nilimwambia apumzike kidogo, huku moyoni naomba aondoke. Akageuza baiskeli yake, akaanza kurudi njia ile ndefu. Breki zake zilikuwa zinalia. Mpaka leo breki ya namna ile ikilia barabarani, naacha nilichoshika.

Mchana kutwa sikutulia. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilitoka barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Je, wakikutana? Je, jirani akisema? Hakuna aliyesema. Majirani wenyewe walikuwa wanafunga mizigo, kila mtu na hofu yake.

Mume aliporudi aliuliza mlangoni. "Mutu toka Arua hakukuja?"

"Hakuna mutu. Lakini sokoni nasikia Letaru alikwenda kwao kijijini, anataka kuzaa kule. Nyumba ya Awindiri iko na kufuli."

Hapo ndipo aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu afike, aliketi chini, akavua buti moja, akabaki ameishika. Kijijini kwa kina Letaru asingewahi kufika na kurudi. Alikubali. Alisema basi atakaa na mimi siku zilizobaki, kisha atarudi Moyo na wenzake. Nilifurahi! Nisikilizeni vizuri, nilifurahi, nikachinja kuku.

Siku ya kuondoka alinishika mkono, si kama mume anavyomshika mke, bali kama mtu anayekabidhi kitu.

"Wewe ndio mkubwa. Kama Letaru nazaa mwanaume, jina yake Rajabu, jina ya mzee. Ambia watu yote. Mimi nakuachia wewe, usisahau."

"Nitawaambia," nikasema.

Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa! Yuko Awindiri, ananyonya. Neno moja tu lingetosha. Hata pale, mguu wake ukiwa juu ya lori, lingetosha. Nilinyamaza. Baadaye mwenzake mmoja alinisimulia kwamba kwenye kivuko alikuwa haketi, anatembea huku na huku, anauliza abiria kama kuna aliyetoka Arua. Walivuka. Hakurudi tena.

Jeshi lilipovunjika tulikimbilia upande wa Zaire, mimi na watoto watatu na mimba ya siku zile nilizoiba. Nikazaa mvulana kule kambini. Shemeji zangu walipokusanyika kumpa jina, niliwaambia, "Marehemu aliacha jina. Rajabu." Wakalia kwa furaha. Jina la baba yao limerudi!

Muda si mrefu Letaru naye akafika, amekonda, mtoto mgongoni. Kwa kukosa baba wa kutoa jina, watu wake walikuwa wamemwita Candia, ambalo kwa Kilugbara ni jina la taabu. Shemeji zangu walimpokea kwa baridi. Mume alikuja likizo hakufika kwake, walisema, labda alikuwa na sababu yake, labda mtoto si wake. Letaru akanigeukia mimi mbele yao wote.

"Dada, mdogo wangu alimukosa. Lakini hakuacha neno? Hata moja?"

"Hakuacha," nikasema.

Ole wangu! Likizo niliiba kwa wivu. Lakini lile la kambini nililisema nikimtazama machoni. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda kukaa na watu wake. Alifariki hukohuko ugenini, akiamini mume wake alimpita makusudi.

Tuliporudi nyumbani, shamba la Lobule alipewa Rajabu wangu, kwa kuwa ndiye mwenye jina la babu. Candia anakaa Arua, anabeba abiria kwa baiskeli. Na mtoto huyo, jamani, ananipenda! Eti mimi ndiye mama aliyebaki. Ananiletea sukari. Paa langu amelifunga yeye. Kila akipanda juu ya nyumba namwona baba yake, naingia ndani.

Sasa anataka kuoa. Watu wa msichana wanauliza yeye ni wa nani, na shemeji zangu hawataki kwenda kumsimamia. Juzi alikuja, akakaa karibu na moto wangu.

"Mama mkubwa, baba alisema nini juu yangu?"

Niliinama nikapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa. Akangoja, akachoka kungoja, akaaga.

Jana nilimwita Rajabu wangu nikamweleza yote, tangu baiskeli mpaka kambini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo miaka yote hii sikuwahi kujiuliza.

"Sasa mimi iko nani?"

 Akasema, "Wewe enda Awindiri, ambia yeye mwenyewe. Kama hutaki, mimi nitaambia." Kesho naenda. Nitasema mbele ya Candia, kisha mbele ya shemeji zangu, na wakinifukuza nitatoka.

Wewe unayesoma, kama una mwenzako mnagawana mume, siku zake zikifika muache aende, hata kama roho inakuuma. Hasa mume akiwa anakwenda kule ambako hana hakika ya kurudi. Na ukikabidhiwa neno la mtu, lifikishe siku hiyohiyo. Usijiambie utalisema mambo yakitulia. Yangu hayajatulia mpaka leo.

Asubuhi hii nilipika chai nikamwita Rajabu aje anywe. Alikuwa hapo uani, amenipa mgongo, anafunga mzigo kwenye baiskeli. Niliita jina hilo mara ya pili. Hakuitika.