Mguu wa Mninga Chini ya Ruta

Kaka yangu mkubwa sijawahi kumwonea wivu, maana sijaona cha kumwonea. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyejua njia ya mpakani Kasesya alijiita mfanyabiashara, na yeye hakutaka kubaki nyuma. Alikuwa akivuka kwenda Zambia na magunia ya maharage, anarudi na saa zisizotembea, redio zilizovunjika mlango wa kaseti, na maneno mengi. Sumbawanga nzima ilikuwa na ugonjwa huo. Kipya kinyemi ingawa kidonda: ukishuka kwenye lori na kitu chenye waya, watu walikusindikiza mpaka nyumbani.

Safari moja alishuka na ruta, ile mashine ya mkono ya kuchimba mifereji kwenye mbao, pamoja na reli yake ndefu ya kuiongozea.

"Shikamoo, Baba. Shida zako zimekwisha," alisema, hata vumbi hajajikung'uta.

"Marahaba. Shida zipi?" Baba alimjibu.

Shida tulizijua wote. Baba alikuwa seremala aliyefundishwa kazi misheni, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Chai alikunywa kwa kushika kikombe kwa mikono yote miwili. Juu ya benchi lake palilala mbao moja pana ya mninga aliyoikausha kwa miaka, ubao wa mbele wa altare ya kigango chetu. Ilibaki kuchimbwa mifereji mirefu, kutoka ncha hadi ncha, na mifereji ya altare haipindi. Wazee wa kigango walianza kunong'ona kwamba kazi apewe fundi mwingine. Baba akawaambia mbele ya kanisa kwamba ataimaliza mwenyewe. Mbao nyingine kama ile haikuwepo, na mimi, binti yake niliyepiga msasa kwenye karakana yake tangu nilipoacha shule, nilijua ikiharibika ile mbao na yeye ameharibika.

Kaka akafunga reli juu ya kipande cha mbao ya paina ya majaribio, akaweka ruta, akawasha. Upande mmoja wa kitako cha mashine ulikaa juu ya reli, upande wa pili ukaning'inia hewani. Ikainama kama mlevi aliyekosa ukuta, ikachimba mfereji ulioanza kwa kina na kuishia mkwaruzo. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mguu mdogo unaoshikilia upande ule. Mguu wenyewe haukuwemo, na bwana mkubwa hakuwa ameuulizia.

"Inataka uzito tu, mdogo wangu," aliniambia. "Plau likirukaruka shambani, si tunalifungia jiwe?"

Nilidhani anatania. Kumbe yuko makini kabisa. Alikwenda kuokota kipande cha chuma cha plau bovu, akakifunga kwa mpira ubavuni mwa ruta, ubavu uleule ulioning'inia! Majirani waliojaa mlangoni wakaitikia kwa vichwa, maana wote walikuwa wakulima na jiwe juu ya plau walilielewa. Mashine ikainama zaidi ya mwanzo. Wakasema chuma hakijatosha. Nilicheka mpaka Baba akanikemea, lakini hata yeye alikuwa amegeukia dirishani ili asionekane akicheka.

Kaka alipokwenda kutafuta chuma kikubwa zaidi, niliufunga mlango. Nilipima unene wa reli, nikaranda kipande cha mninga mpaka kikalingana nao, nikakifunga kwa skrubu chini ya upande ulioning'inia. Nilikiacha kirefu kuelekea nje ili mashine isimame kwa kutanua mguu, halafu nikakipaka nta ya mshumaa kiteleze. Reli nayo ilikuwa ikihama kwenye vumbi la mbao, kwa hiyo niligundisha chini yake vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mashine ilicheza kidogo kwenye njia yake. Nikakata bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikajaza ule mwanya. Mwisho nikaisogeza reli ipite ncha zote mbili za mbao, ili ruta isidondoshe kichwa inapoingia wala inapotoka.

Kaka aliporudi nilimpa aisukume kwenye paina. Aliisukuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili una hindi la kuchoma, macho yako kwa majirani. Mfereji ukatoka umenyooka kama uzi.

"Poa sana! Niliwaambia, mashine hii ni kiboko," akawaambia watu wake.

Debe tupu. Nikamwita Baba.

Baba alifunga aproni yake, akaweka mikono yote miwili juu ya ruta. Niliiona mikono ikitetemeka kabla umeme haujawashwa, na nilimwomba Mungu. Mashine ikaunguruma, ikatembea. Mikono ilitetemeka njia nzima na mfereji haukujua habari hiyo. Ncha ya pili alizima, akapuliza vumbi, akapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisubiri sifa zangu, sioni aibu kusema hivyo.

"Umenyooka," alisema. Akamtazama kaka, aliyekuwa akitoa punje za hindi menoni. "Na wa huyu nao ulinyooka hivihivi?"

"Ndiyo, Baba."

Akafungua aproni, akaiweka juu ya ruta. "Basi amalizie huyu."

Nilimsihi, nikamwambia kazi ni yake na watu wanamngoja yeye. Alikwenda kukaa juani nje. Mifereji iliyobaki aliichimba kaka yangu huku akipiga mluzi, na hakupindisha hata mmoja.

Siku ya kubariki altare, padri alisimama mbele yake akamshukuru Mungu kwa mkono wa mzee wetu, mkono ambao uzee haukuushinda. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akaniinamia, akaniuliza bila kupunguza sauti, benchi zima likasikia:

"Mkono gani?"

Benchi la nyuma yetu, aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote ni kaka yangu.