Taa ya Dunguni

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya taa, kwa hiyo nilikua bila kuujua mwanga wake. Wanaocheka wakinisikia nikiiita mnara wacheke tu. Lilikuwa dungu la kulindia mpunga dhidi ya ndege, lenye miguu ya mkoma na ngazi iliyong'oka vipawa. Juu yake nyanya alitundika taa ya chemni, na nyuma ya taa akaegemeza nusu ya debe la mafuta ya kupikia, lililosuguliwa kwa majivu mpaka likang'aa. Debe lilisukuma mwanga wote ziwani. Sisi huku nyuma tulibaki na giza na mbu.

Ziwa lenyewe, upande wetu huu wa Kulesa, ni mkono wa Tana uliobaki nyuma mto ulipobadili njia. Maji yake hayana haraka ya kwenda popote. Jioni ukungu unalala juu yake, na mtu akisimama kwenye mtumbwi utadhani anatembea hewani. Waliotoka mashamba ya ng'ambo waliifuata taa ya nyanya wasije wakaingia kwenye matete wanakokaa viboko. Hata Waorma walioshusha ng'ombe wao kiangazi waliijua, wakaizoea kama nyota yao wenyewe.

Lakini nyanya aliiwasha kwa ajili ya mtu mmoja. Babu alivuka jioni moja, mama yangu akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Mtumbwi wake ulikutwa ng'ambo, umefungwa mtini. Siku hiyo nyanya alikuwa na homa, hakufuta masizi ya kioo, basi akajihukumu mwenyewe: babu hakuiona taa, akashukia upande usio wake, akapotelea nyikani. Kijiji kizima kilimwachia imani hiyo. Aliyepotea hafungi mtumbwi kwa mafundo mawili, na ng'ambo ile ndiko inakopita njia ya kwenda mjini Garsen, lakini nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

Mwaka juzi mtoto wa jicho alilifunga jicho lake moja, na la pili likaanza ukungu. Hapo ndipo aliponiita. Kwetu nyanya humwita mjukuu wa kiume mumewe, utani ambao sikuuzoea hata nilipoota ndevu.

"Mume wangu, nipeleke nikaione taa nikiwa majini. Na kioo kisifutwe."

Alikuwa hajakifuta kwa siku kadhaa, kiwe kama kilivyokuwa jioni ile. Nilikasirika. Nikamwambia kuna viboko, kuna upepo, mtumbwi unavuja. Mama yangu aliyasikiliza maneno yangu yote, akachukua kiberiti.

"Mpeleke," alisema. "Mimi nitawasha."

Tulitoka jua likizama. Nyanya alikaa akiipa taa mgongo, hakutaka kuiona kabla hatujafika pale katikati ambapo babu lazima alipita. Nilipiga kafi polepole, nikiomba kioo kiwe kimekuwa cheusi kabisa. Harufu ya matope na nyasi mbichi ilitufuata. Kuna wakati sikujua kama ni sisi tunaosonga au ni matete yanayotupita, na laiti ningeweza, tungeendelea hivyo hivyo bila kufika.

"Hapa," alisema, akageuka.

Taa ilikuwa pale. Ilikuwa nyekundu kidogo kwa masizi, ndogo kama punje ya mtama, lakini huwezi kuikosa. Mwanga wake ulikuwa umelala juu ya maji hadi ubavuni mwa mtumbwi wetu.

"Naiona," alisema. "Kwa jicho hili bovu, naiona."

Nikasema labda jioni ile kulikuwa na ukungu mzito. Aliitazama taa yake kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Basi hakupotea."

Nikangoja alie. Badala yake aliinama, akachota maji ya ziwa, akanawa uso, kisha akaninyooshea mkono.

"Lete hilo kafi. Wewe unapiga kama mtu anayekoroga uji."

Nikampa. Aligeuza mtumbwi akatupeleka nyumbani mwenyewe, bila kupumzika, na katika mtumbwi ule mimi ndiye niliyelia.