Mbegu nyekundu niliyowamwagia ndege wa mzee wangu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, Mungu ananiona.

Niko Kisaka, Serengeti. Mzee wangu alipata stroke, upande wa kulia ukafa wote. Maneno yakapotea, likabaki moja tu: "Mura!" Watu wa Mara mnalijua, ndivyo tunavyomwita kijana wa kiume.

Akitaka maji, mura. Akitaka kugeuzwa, mura. Hata mama naye mura, tukawa tunamtania kwamba siku hizi amekuwa kijana.

Mzee huyu ujana wake wote aliumaliza akifukuza ndege kwenye mtama na ulezi. Aliwachukia kwelikweli.

Siku moja nimemtoa nje kwenye kiti, ndege wawili wakatua kwenye beseni la maji ya kuku. Namwangalia, anacheka! Mdomo umepinda lakini anacheka. Tangu augue sikuwahi kuona hilo.

Basi nikawa kichaa wa ndege. Nikaweka karai la maji, nikapanda alizeti uani, vichaka nikaacha kufyeka, kila asubuhi namwaga mtama. Majirani wakasema nimerogwa, wenzangu wanafukuza ndege mimi nawaalika.

Wakaja njiwa pori, chiriku, na wale wa manjano wanaosuka viota. Mzee akaanza kula vizuri. Asubuhi nikichelewa kumtoa nje, mura zinaanza chumbani.

Kuna siku mtama ukaisha. Stoo kulikuwa na mabaki ya mbegu ya dukani, ile iliyopakwa dawa, ina rangi nyekundu. Nikaiosha maji mawili, rangi ikapungua, nikajua dawa imetoka. Ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Naanza kumwaga tu, mzee huyo: "Mura! Mura! Mura!" Anapiga kiti kwa mkono mzima.

Nikacheka. Nikamwambia, "Tulia tata," yaani baba, "wanakuja hao." Nikaenda zangu kufungulia ng'ombe.

Narudi, njiwa wamelala chini, mabawa wazi. Wengine wanapepesuka kama walevi, wanaanguka. Mmoja amefia miguuni kwa mzee. Naye hawezi kuinuka amfukuze hata mmoja, amekaa pale ameona yote, machozi yanatiririka.

Jamani, huyu mtu ameshika jembe maisha yake yote. Ile mbegu aliitambua toka mbali. Alikuwa ananikataza!

Nikapiga magoti nikamuuliza, "Tata, ulikuwa unaniambia niache?"

Akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Nje hataki, ukimshika kumtoa anang'ang'ania kitanda. Chakula anapokea kwa mama tu. Nikiingia mimi anageukia ukutani. Inaniuma wakuu, inaniuma sana.

Nilichojifunza: mbegu yenye dawa haioshwi, ni ya kufukia shambani basi. Na mgonjwa aliyepoteza maneno bado ana la kusema. Acha unachofanya, mtazame usoni kwanza.

Mliowahi kuuguza mtu wa stroke, mlikuwa mnaelewanaje? Na baba akishakugeuzia mgongo hivi, msamaha unaombwaje?

Hata wa kunitukana karibuni, nitasoma zote.